Mfuniko wa Chungu cha Mama

Mjukuu wangu Kabula, mwangaluka. Babu yako anakohoa tu, nami nimechoka, lakini tupo.

Unauliza kama ndoo ya pombe ikazwe mfuniko. Usikaze. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Bariadi, nyumba zilibanana na majirani hatukuwajua. Mama yangu alipika pombe ya kuwaitia ndugu waje kulima pamba, akaziba chungu kwa udongo ili majirani wasisikie harufu. Pombe ilipochachuka chungu kikapasuka, harufu ikajaa kijiji kizima.

Asubuhi majirani wale walisimama mlangoni, majembe begani. Mama akasema pombe yote imemwagika.

"Tumesikia," mzee mmoja akajibu. "Shamba liko wapi?"

Toka siku ile mama alifunika kwa kitambaa tu.

Bibi yako