Kizunguzungu Changu Si Kifafa

Igogo,
Mwanza.
12 Aprili, 1961.

Mpendwa Kaka Makame,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi ya hospitali huko Dar es Salaam inakwenda vyema. Sisi hapa hatujambo, ila magoti ya Mama yanamsumbua tangu mvua zianze. Mimi pia ni mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana kwa barua yako wewe mimi ni mgonjwa.

Kaka, nakuheshimu, lakini nimekasirika, na nisipokwambia nitapasuka. Umemwandikia Baba kwamba nina kifafa na nisiguse maji. Ulinipima lini? Kazi yako ni kuandika majina ya wagonjwa mlangoni, lakini Baba anakuona daktari mzima. Siku ileile barua ilipofika alikwenda kwa Mwalimu Josephat, akalifutisha jina langu katika mbio za kuogelea za sherehe ya Tanganyika kupata Madaraka, tarehe mosi Mei. Nimejifunza mwaka mzima kuogelea mbio za namna hiyo.

Sasa sikia ukweli. Mbio zetu ni kwenda na kurudi kati ya kuta mbili za gati. Ukifika ukutani unajipindua kichwa chini, unausukuma kwa miguu, unarudi. Ramadhani nzima nilifanya hivyo bila shida. Mama alinilazimisha kuziba masikio yote mawili kwa pamba yenye mafuta, maji yasije yakaniharibia saumu.

Idi ilipopita nikawa naziba la kushoto tu, lile lililokuwa likitoa usaha nilipokuwa mdogo. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nikijipindua, ziwa lote linazunguka. Siku moja niliibuka nikaogelea kuelekea Ukerewe badala ya ukutani, nikatapika, na Mihayo, fundi wa mitumbwi, akanivuta kwa kasia. Hiyo ndiyo habari uliyopelekewa, nawe ukakimbilia kuipa jina.

Mihayo hajui kusoma, lakini aliniuliza jambo ambalo wewe hukuuliza: mbona pamba iko sikio moja? Maji baridi yakiingia upande mmoja, alisema, kichwa hakijui kilipo. Nikaziba yote. Akanipindisha kwanza mchangani, kisha kwenye maji ya kiunoni, polepole, nikitoa pumzi puani na kukaza macho magotini. Siku ya nne kizunguzungu kikaisha.

Jana nilimwita Baba gatini. Nilijipindua mara kumi mfululizo, nikatoka nikasimama kwa mguu mmoja. Unajua alisema nini? "Vizuri, mwanangu. Tungoje Makame atasemaje." Niliumia hadi machozi yakanitoka. Na huku mtaani watu wananitazama mdomo, waone kama natoa povu.

Nisalimie shemeji Zakia na watoto. Dada Moza anakusalimu sana, na Mama anakuombea dua kila sala. Mungu akuzidishie afya, na akupe moyo wa kukiri kosa.

Mwalimu anafunga orodha tarehe ishirini na tano. Baba haamini macho yake, Kaka, anaamini kalamu yako. Basi keti umwandikie leo hii, kabla hujala.

Mdogo wako, nakupenda hata kwa hasira hii,
Salum