Dakika Kumi na Tisa

Kaka yangu,

Mama hajambo. Paka amezaa ndani ya boksi la ngoma zako, na hakuna anayethubutu kumgusa.

Kampuni inatoa albamu ya nyimbo bora za bendi yetu ya roki. Ule wimbo wetu wa dakika kumi na tisa wameubakiza dakika nne, na kipande chako cha ngoma tupu wamekiondoa chote.

"Dada, nani ana subira ya hayo yote?" meneja akaniuliza.

"Mwenye haraka akasikilize honi barabarani."

Najua uliwaruhusu, eti mkono ulioumia hautashika vijiti tena. Mimi sikutia sahihi. Tulitunga wawili, wimbo utatoka mzima au albamu haitoki. Ninunie ukitaka, lakini sikuziki ukiwa hai.

Mdogo wako,
Mbishi