Bwana yangu alifuata pikipiki, akakuta mutoto

Mama Clémence mupendwa, unishauri haraka, juu nimeharibu mambo na sijui nianzie kwa nani kuomba pardon.

Niko na binti wa miaka nane, Jemima, hasemake sana, docteur alisema ni autisme, hapana pepo kama vile mama mukwe anasema, na tangu tulikimbia vita ya Beni na kuja kukaa hapa Butembo, mu Mususa, anatokaka nyumbani bila kuaga, ukigeuka tu kukoroga bugali ameisha kwenda, na mimi nakimbia barabarani nikilia, juu kuko barrière ya basoda, na hao hawajui mutoto asiyeitika wakimuita.

Bwana yangu Mbusa ana pikipiki ya taxi, chauffeur ni Kambere, na chini ya kiti kulikuwa kale ka GPS kenye kuonyesha ku téléphone pikipiki iko wapi, donc nikajiuliza, pikipiki inalindwa, mutoto halindwe? Nikakatoa kimya, nikakashonea mu mukunjo wa jupe yenye Jemima anavaaka kila siku, nikaanza kumufuata na téléphone yangu, Mbusa sikumwambia, angekataa.

Siku ya kwanza Mbusa akaona ku téléphone pikipiki yake inakata mashamba ya batu, kisha inaingia kanisani saa ya misa mpaka karibu na altare, na inakaa pale nusu saa, juu Jemima alikataa kutoka kabla kinanda kinyamaze. Kambere akaapa alikuwa kule mutaa wa Kimemi na abiria. Siku ya pili pikipiki ikashinda ku moulin ya kusaga mahindi. Siku ya tatu ikapita katikati ya meza za mboga sokoni, Mbusa akamuita Kambere mulevi mbele ya majirani, akamunyanganya funguo, na mimi nilikuwa pale pale, nikaendelea kuchambua maharagi.

Siku ya ine Mbusa alikuwa kazini, pikipiki iko nyumbani, mais téléphone yake ikamuonyesha inaelekea njia ya Beni. Akajua Kambere ameiiba. Akaita bamotard wawili, wenye pikipiki za taxi, wakaenda na fimbo. Mimi nilikuwa natafuta mutoto, téléphone yangu imezima, hakuna courant ya kuichaji. Ku barrière, caporal mumoja, Elikia, alimuita Jemima mara tatu bila jibu, kisha akaona ka taa kekundu kanawaka ku jupe, akafikiri ni bombe. Akaamuru batu bote balale chini, wachuuzi, sista mumoja, bote mu matope, na bunduki ikamuelekea mutoto wangu, aliyebaki amesimama peke yake, anaguna kama moulin.

Mbusa akafika akiulizia pikipiki. Caporal akamuonyesha jupe. Wale bamotard wanasema Mbusa aliacha fimbo ianguke, akatembea polepole mpaka mbele ya bunduki, akasema: «Chef, huyu ni binti yangu. Hajui kuitika. Kama ni kupiga, unipige mimi.» Caporal akashusha bunduki, wakakuta ni GPS, na mimi nikamwambia Mbusa yote.

Sasa Mbusa anataka GPS irudi ku pikipiki na Jemima afungiwe nyumbani na kadenasi ya mlango. Mama mukwe anataka apelekwe mu chumba cha maombi, batoe pepo. Kambere anakaa kwake bila kazi, Mbusa anaona haya kumuita. Nifanye nini?

Mama Jemima, Mususa


Mama Jemima,

Nilisoma barua yako, pale pa kanisani nikacheka sana. Ku barrière nikaacha. Ulikuwa na haki ya kuogopa, lakini uliwaficha jambo hili wote wenye wangekusaidia. Mu vita hii, kachombo kenye kufichwa mu nguo kanaweza kufanya mutoto auawe.

Kadenasi hapana. Siku tukikimbia tena, nani atakuwa na funguo? Mama mukwe aombe nyumbani, Jemima akiwa kando yake; hivyo atamuchunga pia.

Tafuta GPS ya pili, ya mutoto. Funika ka taa kake na sparadrap, ile plasta ya kunata. Kachombo kavaliwe nje, ku mukaba, pamoja na karatasi: jina, namba zenu, na maneno «Hasemi, musimuogope», Kiswahili na Lingala. Wewe na Mbusa mumupeleke mchana ku barrière, Elikia na wenzake wamuone vizuri, washike kale kachombo na mikono yao. Kisha kwa chef de quartier, mukubwa wa mutaa, na kwa mwenye moulin. Huko moulin mumupeleke nyinyi wenyewe kila alasiri, asikilize mashine mpaka atosheke. Na téléphone yako, kila mara kuna courant, uichaji mbele ya kazi ingine yote.

Bwana Mbusa, najua unasoma hii. Ulisimama mbele ya bunduki, na unaogopa mlango wa Kambere? Nendeni wote wawili, leo. Mama Jemima aongee wa kwanza. Mumurudishie funguo mbele ya wale majirani waliosikia akiitwa mulevi, na mumufundishe sura na tabia ya Jemima. Siku GPS itakosa batterie, mutahitaji mutu mwenye anajua njia zote za Butembo.

Mama Clémence