Jiwe Lililokula Mahindi Yetu

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo nakupa yangu: tangu tukuzike sijatulia mahali pamoja. Nikiwa shuleni Bungoma nawaza shamba, nikifika shamba natamani kurudi shuleni. Chai nainywa nimesimama. Ungeniona ungesema, "Si ukae chini bana, ama siafu wameingia kwa nguo?"

Habari ni mbaya, sitaizungusha. Mzungu mwenye shamba amewaambia maskwota wote, sisi tunaokaa na kulima kwake, waondoke mavuno yakiisha. Ati amenunua mashine, watu hawahitaji tena. Wewe uliyeng'oa visiki vya shamba lile mimi nikiwa bado mgongoni mwa Mama, sasa kaburi lako limo ndani ya uzio wake wa waya. Mjomba ametukatia kipande cha ardhi huku Bungoma, lakini Mama alikataa kuhama. Nilidhani ni kwa sababu ya kaburi. Kumbe ni kwa sababu ya jiwe.

Unalijua jiwe lenyewe: bikoni, lile la mpaka ambalo wapima ardhi walilisimamisha kilimani, nawe ukawabebea saruji na maji. Kila mavuno ulilipelekea hindi la kwanza, sisi tukiwa hatujaonja. Mama alikucheka, nami nikamsaidia kucheka. Ukasema, "Hii jiwe ilikuja na njaa. Ikishiba itaenda." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unatania. Uso wako haukusaidia mtu.

Basi siku moja mwezi uliopita nilikuwa nafundisha historia darasa la sita. Kitabu kinaeleza wazungu wa mwanzo walioshuka pwani ya kusini-mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Walisimamisha nguzo ya mawe yenye alama ya mfalme wao, wakasema nchi ni yake, wakapanda merikebu wakaenda. Waliporudi walikuta wenyeji wameivika nguzo majani, na chini yake wameweka vikapu vya mahindi. Mahindi, Baba! Kumbe yalitoka kwao. Wazungu wakajenga ngome, wakashindwa kulima, wenyeji wakawalisha mpaka maghala yakabaki matupu. Halafu ikawa vita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko, kama huku, mgeni ndiye aliyegawa majembe.

Nilishindwa kuendelea kusoma. Nilikuona wewe na hindi lako mkononi, unapanda kilima. Msichana mmoja akauliza, "Na hao wenye mahindi, siku hizi wako wapi, mwalimu?" Nikafungua kurasa zinazofuata. Kitabu kilikuwa kimeshawasahau, kinataja magavana tu. Nikasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kitale, na kutoka hapo nikashika njia ya Kachibora kwa miguu hadi shambani, nikiwa na hasira zangu zote. Nilimkuta Mama, yule yule aliyekucheka, mlangoni, hindi la kwanza mkononi, kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani. Nikamwambia afunge vitu. Akaniuliza, "Mahindi ya miaka yote hiyo, tuondoke kabla jiwe halijashiba? Baba yako alisema litaenda. Tukiondoka nani atalilisha, na kazi yake yote itakuwa ya nini?"

Nikamsimulia habari ya ile nguzo ya Amerika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

"Ikashiba?"

Nikamwambia haikushiba. Wazungu wako huko hadi leo.

Akapanda kilima, nami nyuma yake. Akalitazama jiwe muda mrefu, jinsi mama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyeaga na chakula sufuriani kimekwisha. Nilitaka kulipiga teke, Baba, nikaogopa kuvunjika kidole. Mama akageuka, akateremka moja kwa moja hadi kwenye kaburi lako. Akapukuchua nusu ya hindi juu ya udongo wako. Nusu nyingine akaifunga kwenye pindo la leso.

"Sasa nimemlisha mwenye mahindi," akasema. "Twende tufunge vitu."

Hapo ndipo nililia. Siku ya mazishi sikuweza, watu walinitazama sana.

Tumeshahamia kwa mjomba. Mama analala vizuri, analalamika kuhusu maji, ndiyo kusema yuko sawa. Mbegu zile za pindo la leso zinangoja mvua. Mimi bado natembea-tembea uani, na jirani ameanza kuuliza nimepoteza nini.

Kwaheri, Baba. Hindi la kwanza la huku ni lako, nitakuletea. Waya ukiwa umefungwa nitapita chini yake kwa tumbo, mimi mwalimu mzima na sketi yangu ya shule. Na lile jiwe nitalipita bila kulisalimu.

Binti yako,
Nafula