Sahani Mbili za Breki

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mikono bado inanuka grisi, lakini siwezi kungoja: nimebadilisha diski za breki za mbele za gari la Mama, peke yangu, hapa uani!

Skrubu moja yenye kutu ilinigomea asubuhi nzima. Nikaigonga polepole kama ulivyonielekeza kwenye simu, ikalegea. Diski mpya nikaziosha kwa sabuni ziishe mafuta ya kiwandani, nikaziegemeza kwenye kichanja cha vyombo. Mama akaingia jikoni.

"We mtoto, leo tunapakulia kwenye sahani hizi?"

Alicheka, Mjomba! Nilishasahau anavyocheka.

Nilipomaliza nikakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, nikazunguka uani polepole. Mama akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Akaendesha hadi ule mteremko ambako breki zilimkatalia Baba. Alikuwa hajaupita tangu msiba, na ndiyo maana kila ukiniitia kazi ya gereji anakataa. Mimi nilikuwa kando yake. Katikati ya mteremko akakanyaga. Gari likasimama pale pale, na usukani haukutetemeka hata kidogo.

Akafuta macho kwa kanga. "Mwambie kaka yangu unakwenda. Lakini gari likitoka kwake breki hazijakaguliwa mara mbili, atanitambua."

Basi niwekee ovaroli, Mjomba. Iwe ndogo, sijanenepa.

Mpwa wako mwenye kucha nyeusi