Mzigo wa Bwana Sayari

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumanne ile ulipoaga mlangoni na hukuitikiwa. Dunia imelizunguka jua mara moja na imeturudisha palepale ulipotuacha. Najua ungebisha. Ungesema jua lenyewe linakwenda, kwa hiyo hakuna anayerudi alipokuwa, na Mama angekuambia unywe kwanza chai, inapoa.

Tangazo hili la kumbukumbu anaandika binti yako mkubwa kwa niaba ya wote. Nimeagizwa niandike kwa kifupi. Aliyeniagiza ni Mama, na ameniagiza akiwa wima, kwa sababu tangu uondoke hakai. Anakaa kiti cha dirishani, anainuka, anahamia cha mlangoni, anakumbuka kitu jikoni, na akifika jikoni amekwisha kukisahau. Meza ya sebuleni imehamishwa mara nne mwaka huu. Kwa sasa imegeukia ukuta.

Wanaosoma hapa na hawakukufahamu, waambiwe kwamba ulikuwa fundi wa miwani. Miaka thelathini na mmoja ulikaa chumba cha nyuma cha duka, ukikata lenzi za watu zikae sawasawa kwenye fremu. Miwani ikichelewa kuwa tayari uliipeleka mwenyewe kwa miguu hadi kwa mteja, maana ulisema mtu asiyeona hawezi kuambiwa aje Ijumaa. Hukuwahi kukosea kipimo kazini, na hilo walikusifia hata waliokuonea wivu.

Nyumbani ulikuwa mtu mwingine. Ulikula umesimama. Ulivaa viatu kabla ya kuamua unakwenda wapi. Mtaa mzima ulikuita Bwana Sayari, na wewe ukaitika, ukafurahi, ukataka hata liandikwe kwenye sanduku la barua. Mama alikataa. Alisema posta wataona tumerukwa na akili.

Tunakumbuka lile pipa la uani. Ulilijaza mchanga lisitikisike, ukalaza juu yake kioo kinene cha duara, na juu ya hicho kingine, katikati ukaweka unga wa kukwaruza na maji kidogo. Kisha ukaanza kusugua huku unazunguka. Kila baada ya misuguo kadhaa unapiga hatua moja kulizunguka pipa, kwa sababu mtu akisimama upande mmoja kioo kinaliwa upande mmoja. Miezi saba, Baba. Kila ukitoka kazini, unazunguka pipa. Majirani walidhani una nadhiri. Fundi friji wa nyumba ya pili alikuja siku moja kukuuliza kama una shida, akaondoka saa mbili baadaye akiwa mwanachama wa chama ambacho hakijaanza.

Kioo kilipokuwa tayari ukakitia kwenye bomba la plastiki, ikawa darubini, na jioni moja, jua likiwa ndiyo kwanza linazama, ukamwita Mama aje auone mwezi. Alishuka ngazi polepole na magoti yake. Akainama, akaikodolea macho, tukadhani ameguswa.

"Kuna mashimo matupu," akasema. "Nani atapafagia?"

"Ungeweza kuishi pale?"

"Kuna maji?"

"Hakuna."

"Basi huko ni kwenu na fundi friji."

Ulicheka mpaka ukakaa chini, na wewe kukaa chini ilikuwa habari. Kurudi juu tuliwatazama mnavyopanda. Mama alipumzika katikati ya ngazi kama kawaida yake, na wewe, kama kawaida yako, ulisimama naye ukijifanya unafunga kamba za viatu. Siku hiyo ulikuwa umevaa ndala.

Basi kikaanza chama. Jumapili saa kumi, sebuleni kwetu: wewe, fundi friji, na mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye alipewa ukatibu kwa kuwa ndiye pekee mwenye kalamu nyekundu. Hakuna kati yenu aliyewahi hata kupanda ndege. Lakini mlikuwa mnakwenda Mirihi. Fundi friji alishughulikia hewa. Alishikilia kwamba anayeweza kuweka nyama siku arobaini bila kuharibika anaweza kumweka mtu. Mwalimu alishika njia na tarehe. Mliafikiana kuwa safari ni siku mia mbili na sitini, na kwamba kila mwanachama apige hesabu ya mzigo wake mwenyewe, wa mtu mmoja, aiandike daftarini, na Mwalimu aisahihishe.

Hapo ndipo aibu yako ilipoanza. Fundi wa vipimo, Bwana Sayari, hukuweza kupata hesabu ya maji. Lita tatu kwa siku, siku mia mbili na sitini: mia saba na themanini. Mtoto wa darasa la nne anaipata. Wewe ukaandika elfu moja mia tano na sitini. Mwalimu akakata kwa nyekundu, akaandika "Rudia." Jumapili iliyofuata ukaleta ileile. Miezi minne, kila wiki, ukipewa daftari unaandika upya kwa mwandiko mzuri kosa lilelile, na Mwalimu analikata. Walikutania hadi mlangoni. Fundi friji alisema ataanza kuvaa miwani ya duka lingine. Wewe ulikuna kichwa tu, ukasema utaitazama tena.

Tunafika kwenye Jumapili ya mwisho. Ningependa kuiruka, lakini Mama amesema ikirukwa hii basi lisiandikwe lolote.

Fundi friji ndiye aliyeuliza. "Tuseme chombo kipo, lakini hakirudi. Ukienda umekwenda. Nani anapanda?"

"Mimi nitawasubiri warudi kwanza," akasema Mwalimu.

"Nimekwambia hakirudi."

"Ndiyo maana."

Wewe ukainuka. "Mimi hata kesho," ukasema. "Nimeshapanga kila kitu."

Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka mezani, akamwekea kila mtu kikombe chake, akarudi jikoni. Hakumwaga hata tone. Sisi tunaomjua tuliona hapo kwamba kuna jambo.

Usiku akakuuliza, "Kwa hiyo unakwenda."

"Kila kitu nimepanga. Usiwe na wasiwasi," ukamjibu, na ukacheka, Baba. Ukacheka na kugeukia dirisha.

"Basi nenda."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwako. Jumatatu alinuna kutwa. Jumanne ukaaga, ukaaga tena, ukasubiri kidogo, tukasikia viatu vyako vinashuka. Saa nne kasoro wakapiga simu kutoka dukani. Moyo wako ulisimama wewe ukiwa kwenye mashine ya kukatia lenzi, ukiwa umemaliza lenzi ya kulia ya mteja na ya kushoto bado. Mwenzako aliimalizia jioni ileile. Alisema hukupenda mtu aambiwe aje Ijumaa.

Mwaka huu wote Mama amekuwa na swali moja tu. Hakulia sana mazikoni, wapo waliomsema, na sasa wajue kwa nini. Alikuwa na hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda kwa sababu mwenyewe umekwenda. Ulikuwa tayari kumwacha? Baada ya miaka thelathini na minne, ukiulizwa mbele za watu, ulijibu haraka namna ile?

Alikwenda kwa fundi friji, akamkuta amejikunja nyuma ya friji la mtu. "Nataka ukweli. Alikuwa anasema kweli?"

"Shemeji, yule angefika njiani angerudi kula."

Akaenda kwa Mwalimu. "Yalikuwa mazungumzo tu, shemeji," Mwalimu akasema. Mama akamwambia kwamba mazungumzo tu hayapigiwi hesabu miezi minne.

Akarudi nyumbani, akahamisha meza. Mwanao wa pili, mpaka rangi wa magari, unajua asivyo na subira, alimwambia siku moja, "Mama, amekufa, hakwenda Mirihi." Asubuhi yake tulimwona Mama kupitia dirisha, yuko uani, amevaa kanga na viatu vyako, analizunguka lile pipa. Anapiga hatua, anasimama, anapiga hatua. Mimi nilishindwa hata kumwita. Magoti yake na zege lile, nilijua usiku hatalala.

Wiki tatu zilizopita, tulipotangaza kwamba tunaandika tangazo hili, Mwalimu akaja. Alikuwa na daftari chini ya kwapa. Lilibaki kwake kwa ajili ya kusahihishwa, na tangu msiba aliona haya kulirudisha, maana ukurasa wako umejaa wekundu. Alitaka kwanza kulifuta. Tunamshukuru kwa kutolifuta.

"Shemeji," akasema, "mimi si mtu wa kuomba radhi. Lakini nilimsumbua marehemu kwa kosa moja kwa miezi minne, na hakunikasirikia. Limenikaa rohoni."

Mama alilichukua akiwa wima karibu na mlango. Nilisimama begani kwake.

Maji, lita 1,560. Imekatwa. "Rudia."

Sukari, kilo nane. Pembeni ya hiyo Mwalimu hakuandika kitu, kwa kuwa hakuona kosa. Lakini wewe, Baba, ulikuwa huweki sukari kwenye chai tangu mimi niko shule ya msingi. Nyumba hii anayeweka sukari, tena vijiko vitatu, ni mmoja.

Uzito wa abiria, kilo 139. Hapo Mwalimu aliandika kwa nyekundu, "Wewe ni tembo?"

Ulikuwa na kilo hamsini na nane, Baba, na nguo zikiwa mwilini. Mama aliitazama ile 139. Mwaka juzi uliazima mizani ya duka la dawa, ukaipandisha ngazi zote, ukamwambia apande, ukasema ni mambo ya afya. Alipanda. Ukasoma, ukaandika kwenye kiganja, na Mama akakununia siku mbili kwa kuandika. Kilo themanini na moja.

"Hamsini na nane na themanini na moja," Mama akasema taratibu. Mwalimu wa hesabu akajumlisha kwa vidole. Naapa nilimwona.

Hukukosea, basi. Uliambiwa piga hesabu ya mtu mmoja, na hukujua kuipiga.

Mwisho kabisa wa ukurasa kuna mstari ambao Mwalimu aliuwekea alama ya kuuliza, hakuuelewa. Sasa akauelewa, akaufafanua palepale. Mirihi huvuta kidogo kuliko hapa. Mtu wa kilo themanini na moja, kule atajihisi kama mwenye thelathini na moja. Uliandika hivyo, themanini na moja, kisha thelathini na moja, na mbele yake: "Magoti yatapumzika."

Mama alikaa, Baba. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kile cha mlangoni, na akalia kilio chote ambacho watu walikitafuta mazikoni wasikione. Mwalimu alitoka nje akajifanya anaitazama darubini, saa tisa mchana, na kifuniko chake hajakitoa.

Usidhani umesamehewa yote. Alipofuta machozi alikasirika upya. "Hakuniuliza," akasema. "Kanipima, kanihesabia maji, kanifungia sukari, hakuniuliza hata mara moja kama ninataka." Na ana haki. Ungefungua mdomo usiku ule badala ya kucheka na kugeukia dirisha, ungekwenda kazini umeitikiwa. Nasi tungekuwa na Jumanne nyingine ya kukumbuka. Hilo linatukera hadi leo na hatutajifanya limekwisha.

Mimi pia situlii. Nimeandika aya hii mara tano. Kila nikikaa naona kama ninachelewa mahali, na sijui ni wapi. Nadhani umeniachia huo ugonjwa wa viatu. Juzi nilijikuta nimesimama jikoni nakula.

Chama kinaendelea Jumapili saa kumi. Mzigo wako umeidhinishwa kama ulivyouandika. Mwalimu ameweka tiki moja kubwa kwa kalamu nyekundu juu ya makato yote, na fundi friji anasema sasa itabidi aongeze hewa.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mimi binti yako mkubwa na mume wangu, mwanao mpaka rangi, ambaye ameomba radhi kwa Mama kuhusu Mirihi, dada yako mshona mashuka ya hospitali, wajukuu wako wawili wanaogombania nani ataikagua darubini kwanza, shemeji zako, wenzako wa chumba cha nyuma dukani, Mwalimu na fundi friji.

Hakuna siku utakayotutoka, Bwana Sayari, na tumejaribu kukaa bila kukutaja tuone.

Nilipomsomea Mama haya, alikuwa ameketi. Nikamuuliza kama kuna la kuongeza.

"Mwandikie kwamba ningekwenda," akasema. "Na kwamba kilo nane hazitoshi."