Video za Mpanda na Macho ya Shemeji Yako

Mpanda mjini,
kwa mwanangu Leokadia

Mdogo wangu Skolastika,

Hamjambo hapo Majimoto? Mguu wako ule uliovimba umepungua? Na mvua imeanza, au mnaangalia tu mawingu yanapita kwenda kwa Wafipa? Sisi huku tunaamka, tunakula. Mimi kikohozi kimeniacha. Shemeji yako anakula vizuri, hilo ni kweli kabisa. Macho yake nitakuja kuyasema, usiniharakishe. Anayeandika ni Mama Neema, fundi cherehani, tunapakana naye ukuta. Ameacha gauni la mtu kwenye mashine kwa ajili yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee.

Si unajua tulivyotoka huko, tukijua ni kwenda na kurudi. Daktari wa macho anakuja na treni, anamtoa mzee ule ukungu, tunarudi kulima mpunga. Kumbe treni yenyewe mara imeharibika njiani, mara injini haipo, tukakaa tunamsubiri. Kukaa kwa watu bila jembe mkononi nako ni kazi, Skola. Kwa Leokadia ni chumba na sebule, ukinyoosha mguu umempiga mtu. Na mlango wa tatu kutoka hapo ndiyo kuna nyumba ya video.

Wewe video hujaiona. Ni kama zile picha mapadri walizotuonyesha ukutani, ila hizi ziko ndani ya sanduku, na nje jenereta linanguruma. Madirisha wameziba na magunia, kwa hiyo hata jua liwe kali namna gani, mle ndani ni usiku. Shemeji yako alisikia watu wanacheka, akasema twende. Kijana wa mlangoni akasema babu haoni, apite bure. Alikasirika! Akasema yeye sio ombaomba, analipa kama mtu mwingine, masikio yake ni mazima. Tukaingia, nikawa namwambia kwa Kipimbwe chetu kila ninachoona. Vijana wa nyuma wakaanza, bibi punguza sauti, bibi acha mkanda uongee wenyewe. Nikawajibu mkanda unaongea Kichina, nyie mnasikia nini humo? Wakacheka, wakatuacha.

Sasa nikwambie picha zenyewe. Za Wachina ni kupigana. Mtu anapigwa mpaka anatoboa paa, anaanguka, anajifuta vumbi, anaendelea. Ugomvi wenyewe hatuambiwi ni wa nini, maana ng'ombe hajaingia shambani kwa mtu wala mke wa mtu hajachukuliwa. Na hawali. Chakula kikiwekwa tu, meza inapinduliwa. Wali mweupe vile unamwagwa chini, mimi roho inaniuma mpaka nashindwa kufuata ngumi.

Za Wazungu ni bunduki. Mtu mmoja anaua kijiji kizima halafu anapanda gari anaondoka. Nikamuuliza kijana aliyekaa mbele yangu, hawa wote nani atawazika? Akasema bibi, hao ni maadui. Sasa adui hana mama? Wana neno lao, steringi, ndiye mwenye picha. Steringi hafi. Wanajua kabisa kwamba hafi na bado wanakaa wameshika vichwa. Mimi mtu asiyekufa nitamhurumia kwa lipi?

Za Kihindi ndizo. Wale wanalia kilio cha kueleweka, mpaka kamasi. Wana mama, wana wifi, wana mkwe mbaya. Ubaya wao ni nyimbo. Msichana anaanza kuimba na nguo nyekundu, akizunguka mti ametoka na ya njano, akivuka mto ana ya kijani, na begi la nguo hulioni. Shemeji yako anauliza, sasa hivi kavaa nini? Nachoka. Mama Neema hapa anacheka, anasema angepata wateja wa namna hiyo angeshajenga.

Basi, daktari akaja. Hospitali alimmulika mzee na kurunzi, jicho hili na hili, akamwambia vizuri, mzee, kapumzike nje. Leokadia akamshika baba yake mkono wakatoka. Mimi akanibakisha. Akasema huu sio mtoto wa jicho, ule wa kutolewa. Ni presha ya macho, imeshaua mishipa, na mishipa ikishakufa hakuna dawa ya kuirudisha, hapa wala Dar es Salaam. Akasema mwambie taratibu, mama, wewe ndiye umemzoea. Alisema kwa upole, simlaumu. Lakini mzigo alinitwisha mimi, yeye akapanda treni yake.

Shemeji yako kwenye benchi akauliza, anasemaje? Nikasema anasema tusubiri dawa. Akauliza na kesho yake, nikajibu hivyo hivyo. Leokadia nilimwambia mwambie wewe, ni baba yako. Akaanza kulia, nikaona hapa sina mtu. Mimi niliyemtajia mzee mpaka rangi za nguo za Wahindi, kwa hili moja mdomo ulikuwa unajifunga wenyewe.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwenye picha ya Kihindi. Ndani yake kuna mama amepotelewa na mtoto, akalia mpaka macho yakafa. Nilimwambia yote hayo, alikuwa ameniegemea bega, anasikiliza. Mwisho yule mama akapelekwa kwa daktari, akafungwa kitambaa usoni. Daktari anakifungua, anazungusha, anazungusha. Yule mama akafumbua macho, akaona. Akamshika mwanaye mashavu. Mle ndani ikawa makofi na miluzi.

Skola, sikuweza. Nikimwambia ameona, kesho atasema nipeleke na mimi nikafunguliwe. Nikamwambia hajaona.

"Mbona wanapiga makofi?"

Nikasema wanampigia daktari, kwa vile amejitahidi.

Tukarudi nyumbani. Nikampa uji, akauweka chini.

"Mama Leokadia," akasema, "yule mama ameona, umenificha. Sasa niambie daktari alikwambia nini."

Nikamwambia, na mishipa, na Dar es Salaam, yote. Hakulia wala hakunigombeza. Alipapasa chini akatafuta kikombe chake, akanywa uji.

Nikafikiri sasa tutarudi. Lori la mpunga lipo, dereva amekubali kumkalisha mbele. Hataki, mdogo wangu. Kila mchana anashika fimbo anapapasa ukuta mpaka kwenye video, niende nisiende. Nimemtajia majaruba ya mpunga, nimemtajia wajukuu, nimemtajia hata yule fahali wake. Juzi ndiyo alinijibu.

"Nyumbani nitakaa barazani, kila anayepita ananiangalia, mimi simwangalii. Mle kwenye video wote tuko gizani."

Mama Neema ameniuliza nilimjibu nini, aandike hapa, nimemwambia apaache.

Jaruba letu la pale mferejini mpe mwanangu Venansi alilime, lisilale nyasi. Na wewe ukiwa na neno linaloweza kumwinua mtu kwenye lile benchi la video, lilete. Mimi yangu yamekwisha. Leokadia hatufukuzi, ila naona watoto wanavyolala wamepandana.

Msalimie Venansi na mkewe. Msalimie shangazi Kristina wa samaki, mwambie sikumsahau. Msalimie na katekista, ila asimtangaze shemeji yako kanisani aombewe, atakasirika huku huku aliko. Wajukuu uwaambie babu yupo, basi, usiongeze.

Jibu umpe dereva wa lori, huyo huyo aliyekuletea barua hii. Ila ujue, tangu siku ile ya makofi, karatasi yoyote ikiingia humu ndani anataka isomwe kwa sauti yeye akiwepo, yote, mstari kwa mstari. Kwa hiyo utakachoandika, andika ukijua amekaa hapa.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Anastazia
(mkono ni wa Mama Neema, maneno ni yangu)